Fungu la Makame

Jumatatu, 1 Julai

"Samahani kwa kuchelewa kuandika." Ndivyo nilivyouanza ujumbe wangu kwenye ukurasa wa msaada wa sheria, ule wa maswali ya wasia na mirathi. Nikaufuta. Nikauandika tena. Kweli nimechelewa. Suleiman amekufa Mei na leo Julai imeingia, na mimi muda wote huu nilikuwa nafua, napika, nafuta pua za watoto, nasubiri watu wazima waniambie la kufanya.

Maji hayajapanda ghorofani tokea juzi. Jirani wa chini kanipandishia ndoo mbili, Mungu amlipe. Ilham anaumwa na sikio, hataki kukaa ila kifuani pangu. Nimeandika kwa kidole kimoja. Unga wa mikate ya kumimina umeumuka mpaka ukamwagika mezani, nikauacha.

Nimewaandikia hivi. Mume wangu alikuwa fundi rangi. Kaanguka kutoka juu ya jukwaa, hotelini Paje. Ameacha mke mmoja, binti wawili, mama yake na ndugu yake mmoja wa kiume. Ameacha kiwanja Bwejuu, urithi wake kutoka kwa baba yake, na vyumba viwili havijaezekwa. Ndugu yake anasema yeye ndiye msimamizi, na mimi niliyemo edani sina ruhusa ya kutoka wala kusema. Ni kweli?

Sikuwaambia kuhusu mkoba. Siku ya hitma mimi nimelala chini sijijui, ndugu yake huyo, Makame, akachukua mkoba wa karatasi zetu zote. Hati ya ndoa, karatasi ya kiwanja, kitambulisho cha marehemu. "Nakuwekea, shemeji." Nikamwambia ahsante. Ahsante! Neno hilo linanichoma kila nikilikumbuka.

Nataka kiwanja kibaki cha watoto. Hilo la kwanza. La pili nataka Makame aone haya mbele za watu. Sijui lipi nalitaka zaidi.

Jumatano, 3 Julai

Wamejibu. Nimesoma mara tatu, Kiswahili chepesi, hakina makuu. Mwanzo wameandika kwamba haya ni maelezo tu, si hukumu, na kwamba mwenye kauli ya mwisho ni kadhi. Sawa.

Eda haimnyimi mtu haki yake. Kwa haja ya lazima naweza kutoka mchana, nikajisitiri, nikaenda mbele ya kadhi. Na msimamizi hajiteui. Anateuliwa, na mrithi yeyote anaweza kumpinga.

Chini yake wameweka kikokotoo cha mafungu. Unaingiza warithi, kinakupa hesabu. Nimeingiza. Mke mmoja. Binti wawili. Mama. Ndugu wa kiume mmoja. Mali ikigaiwa mafungu ishirini na nne: mimi matatu, mama yake manne, binti zangu kumi na sita. Yanayobaki ni ya ndugu.

Linabaki moja.

Nimecheka peke yangu mpaka Nasra akatoka chumbani kuniangalia. Makame anayetembea Michenzani nzima akisema yeye ndiye mwanamme, yeye ndiye mwenye kuchukua kinachobaki. Ndiyo, yake ndiyo kinachobaki. Kipande cha kusimamisha choo.

Halafu wameuliza swali moja mwishoni. Je, marehemu ameacha mimba?

Sijajibu.

Ijumaa, 5 Julai

Makame kaja baada ya sala. Hatuonani. Mie niko edani na yeye si maharimu wangu, kwa hiyo nakaa chumbani nyuma ya pazia na yeye anakaa ukumbini. Kakaa kwenye kiti cha Suleiman. Nakijua kwa mlio wake.

Ati Suleiman kamuusia kiwanja. Kwa mdomo. Ati wasia wa ndugu kwa ndugu hauhitaji karatasi.

"Alikuusia lini?" nimemuuliza.

"Shemeji, wewe tulia. Mwanamke wa eda haulizi maswali."

"Haulizi au hajibiwi?"

Kacheka. "Marehemu alikudekeza sana. Na hiyo elimu yako ya fomu tuu isikutie wazimu. Watoto wanangu wale. Mimi ndiye baba yao sasa. Nitauza, nitawawekea."

Atawawekea! Fungu lake mwenyewe alilorithi kwa baba yao, yeye na Suleiman, ndilo hilo kalila lote. Kiwanja chake kilikuwa ubavuni mwa cha Suleiman, leo kina nyumba ya wageni na vitanda vya jua. Hana hata tofali.

Nimekaa nyuma ya pazia na mkono juu ya tumbo. Mtoto anacheza sasa. Yeye hajui. Hakuna anayejua. Mimba ilikuwa changa Suleiman alipokufa, hatukuitangaza, na tokea hapo hakuna mwanamme aliyeniona. Eda imenificha vizuri kuliko nguo yoyote.

Endelea kusema, Makame. Sema yote.

Jumapili, 7 Julai

Nimewauliza wa mtandaoni kuhusu wasia wa mdomo. Wamejibu kwamba mtu hausii mali kwa mrithi wake ila warithi wengine waridhie. Na wasia wenyewe lazima uwe na mashahidi.

Kumbe. Ndiyo maana anatuzunguka. Anataka sahihi yangu na dole gumba la mama yake.

Na la tumbo nimewaambia. Nimeandika: ndiyo, ipo, miezi mitano.

Jumatatu, 8 Julai

Jibu limekuja mapema, refu kuliko yote. Mali haigaiwi mpaka mtoto azaliwe, au fungu lake liwekwe kando, na linawekwa kana kwamba ni wa kiume. Akiwa wa kiume, ndugu wa marehemu harithi kitu. Hata lile moja.

Hata lile moja!

Ya Rabbi, nipe mwanamme. Sikuwahi kuomba hivyo. Binti zangu ni macho yangu, wallahi sikuwahi kutamani wangekuwa wengine. Lakini leo nimeomba, na nimeomba kwa hasira. Nataka azaliwe afunge mlango huo kwa kisigino chake.

Nimeshapanga. Nitanyamaza. Makame aende kwa kadhi aape kwamba warithi ni hawa na hawa, hakuna mwengine. Aseme mbele ya watu. Halafu ndipo mimi niingie na tumbo langu. Nimeshaiona sura yake mara kumi leo, nikiosha vyombo, nikimsuka Nasra.

Jumapili, 14 Julai

Wa mtandaoni hawautaki mpango wangu. Wameandika kwa adabu. Usifiche. Ukificha na kiwanja kikauzwa, mnunuzi akajenga, kukirudisha ni kesi ya miaka. Waarifu kadhi na warithi wote mapema, ulete kadi ya kliniki.

Nimekasirika. Nimefunga simu nikaitupa kitandani. Wao wanakaa ofisini kwao, hawakuambiwa "tulia". Hawakusikia kiti kile kikilia.

Siwasikilizi. Bado.

Alhamisi, 25 Julai

Bi Mize kaja kutoka Bwejuu kukaa na mimi. Ni mavyaa wangu, mama yao wote wawili, Suleiman na Makame. Mikono imekauka kwa chumvi ya mwani, lakini kaja na kikapu kizima: mihogo, ndimu, samaki wa kukaanga. Kaingia, kanitazama nikiinuka mkekani, kashika ndimu moja kaikata.

"Nyonya. Bado unatapika?"

Ndimu nikaishika, sikuitia mdomoni.

"Suleiman alinambia," kasema. "Alikuja jioni moja na mkate wa boflo kwapani, hana neno, anacheka tu. Nikamwambia una nini wewe mtoto? Akasema mama, Zuwena anayo tena."

Nimelia. Sikujua kama alimwambia mtu. Nimelia kwa sababu alicheka.

Nimemuuliza kama kamwambia Makame. Hapana. Mimba haitembezwi midomoni. Basi nikamwomba asimwambie kabisa, nikamweleza mpango wangu wote, mpaka wa kiapo. Nilidhani atafurahi.

Hakufurahi. "Mmoja nshamzika, Zuwena. Huyu wa pili ni mjinga, ana tamaa, lakini ni wa tumbo langu. Usinitake nikae pale nimtazame akichimba shimo nami najua."

"Yeye anawachimbia wajukuu zako."

Kamchukua Ilham kamtia mafuta ya nazi ya uvuguvugu sikioni.

Nampenda. Na leo nimemchukia kidogo.

Jumanne, 6 Agosti

Jirani wa Bwejuu kampigia Bi Mize. Makame kampeleka mtu kiwanjani. Mwenye nyumba ya wageni ile ile ya jirani. Wamepima kwa kamba. Makame katia geti na kufuli jipya. Kang'oa mipapai aliyopanda Suleiman, ati inaziba sura ya bahari.

Mipapai ilikuwa imeanza kuzaa.

Bi Mize kaweka simu chini, kashika ukili wake wa mkeka anausuka. Nikamwambia, bado hujaona shimo? Kasema, "Zuwena, nyamaza. Naomba unyamaze." Leo nimeogopa. Kiapo kwa kadhi ni lini? Sijui. Mtu akishika kamba ya kupimia hangoji kiapo.

Jumamosi, 10 Agosti

Niandike taratibu.

Makame kaja asubuhi na watu wawili wa msikitini kwake, watu wazima, wenye heshima zao. Nimewasikia wakivua viatu. Kaja na karatasi iliyochapwa na kidau cha wino. Kalainisha sauti, kamridhisha kila mtu, kamuuliza mama yake hali ya mguu. Halafu kaeleza. Marehemu kaniusia. Warithi wanaridhia. Mama weka dole hapa, shemeji atapitishiwa karatasi chini ya pazia atie sahihi, tumalize, watu wana shughuli zao.

Bi Mize kasema hajui kusoma, asomewe. Mmoja wa wale wazee kasoma. Mke, binti wawili, mama, ndugu. "Na hakuna mrithi mwengine."

Kwenye uwazi wa pazia naona mkono wa Bi Mize tu. Makame kaushika kidole chake, anakielekeza kwenye wino. Kwa upole, kama anamfundisha mtoto kuandika. Na yeye hakuuvuta. Nikajua atatia. Atatia asiseme, kwa kuwa mimi nimemwambia asiseme.

Mpango wangu wote ulikuwa wa mbele ya kadhi. Ukumbi mkubwa, watu wengi. Nikauona unapotea, nikausikitikia, hata pale pale niliusikitikia.

"Mama, usitie," nimesema. "Karatasi hiyo ya uongo. Yupo mrithi mwengine. Nna mimba ya Suleiman, inakaribia miezi sita."

Gari zinapita chini barabarani. Halafu Makame.

"Ya nani?"

Mzee mmoja kasema, "Astaghfirullah, Makame."

"Nauliza. Ndugu yangu kafa Mei. Mimba inatangazwa Agosti. Kwa nini ilifichwa? Jambo la halali linafichwa?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nilishika pazia kwa mikono miwili.

Bi Mize ndiye aliyeinuka. Nimesikia kidau cha wino kinabwagwa. Kamwambia toka. Makame kasema mama nisikilize. Mama yake kasema, "Toka, mwana haramu we." Yeye, kwa mwanawe wa kumzaa. Halafu kasikia alichokisema, akalia kwa sauti, ukumbini, mbele ya wageni.

Wale wazee wameondoka wakiniomba radhi kupitia pazia. Wino umebaki sakafuni. Hautoki.

Jumapili, 11 Agosti

Nimesugua kwa jiki. Hautoki.

Namchukia Makame. Naliandika ili nilione. Namchukia kwa kila kiungo nilichonacho. Na nimejichukia mie pia, kwa kuwa neno lile nimempa mwenyewe. Nilijificha nikifurahia. Yeye kaokota kile kificho kanipiga nacho.

Nasra kaniuliza, "Mama, ya nani nini?" Kasikia.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimewaandikia wa mtandaoni. Bila salamu. Nimesema mmekuwa na haki, sasa nisaidieni.

Hawakunisimanga. Wameandika kwamba mtoto wa mjane anayezaliwa ndani ya muda wake ni wa mumewe, na maneno ya shemeji hayambadilishi baba. Walete waliokuwa wakijua. Kadi ya kliniki yenye tarehe ya kabla ya kifo. Fungua pingamizi wiki hii. Omba zuio la kuuza. Omba karatasi zirejeshwe. Na mwisho wameandika: "Pole, dada. Hukustahiki neno lile."

Kumbe ni mwanamke. Sijui nimejuaje, lakini nimejua.

Jumatano, 14 Agosti

Nimetoka. Mara ya kwanza tokea Mei. Jua limenipiga kama kofi.

Buibui, ninja, soksi. Bila mafuta, bila udi. Bi Mize mkono wangu wa kulia, watoto kwa jirani. Kwenye ngazi mwanamke mmoja wa ghorofa ya pili kasema kwa sauti ya kusikika, "Siku hizi eda inatembea." Bi Mize kamgeukia. "Inakwenda kwa kadhi, mwanangu. Unataka kuja kuisindikiza?" Mlango ukafungwa.

Pale mahakamani karani kapokea vizuri tu. Pingamizi limeandikwa. Kadi ya kliniki ninayo, nilikuwa naiweka ndani ya msahafu. Siku ya kwanza kliniki Suleiman alikuja na mimi na shati lake la kazi, limejaa rangi. Imeandikwa kwenye kadi: amekuja na mume.

Nimerudi miguu imevimba. Nimepika. Nimelala na nguo zangu.

Ijumaa, 16 Agosti

Zuio limetoka. Makame hauzi mpaka kesi isikilizwe. Nimefurahi kwa roho mbaya. Nimefurahi sana.

Ijumaa, 13 Septemba

Kesi.

Chumba kidogo, feni moja. Makame kavaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Wale wazee wawili wameitwa. Bi Mize kakaa upande wangu. Makame alimwona anakaa, akatazama dirishani.

Kadhi kamuuliza wasia aliusikia nani. Hakuna. Mimba aliijua nani. Bi Mize kasimama. Kasema yote, mkate wa boflo, kicheko, yote. Halafu kasema, "Hawa wote wanangu. Mmoja hawezi kusema tena, nasema mimi badala yake. Huyu anaweza kusema, na alichosema ni uongo."

Kadhi kaiangalia kadi muda. Halafu kamgeukia Makame, sauti ile ile, haijapanda. Kamuuliza kama anajua uzito wa kumtuhumu mwanamke aliyestiriwa bila mashahidi. Makame kasema ulimi uliteleza. Kadhi kasema ulimi hauna mguu.

Halafu kaniuliza mie. Nataka nini kuhusu neno lile?

Hapo ndipo. Ndiyo siku niliyoipanga jikoni kwangu. Watu wote wananitazama mie, na Bi Mize hanitazami. Kashika ncha ya mtandio wake, anaikunja, anaikunjua.

Nimesema: alilisema ukumbini kwangu, mbele ya wazee hawa wawili, na mwanangu akasikia. Nataka aje alirudishe pale pale. Mbele ya wazee hawa hawa. Na mwanangu asikie. Sitaki zaidi, na sipunguzi.

Kadhi kasema ni haki. Mgao unasubiri uzazi. Usimamizi unashikwa na ofisi ya mirathi, si Makame. Karatasi zirudishwe.

Jumapili, 15 Septemba

Kaja. Kasimama, hakukaa kwenye kiti. Nimemweka Nasra ukumbini, karibu na bibi yake. Mie nyuma ya pazia.

Kasema, "Mimba ile ni ya ndugu yangu Suleiman. Nilisema uongo. Naomba radhi." Aliimeza nusu. Nikamwambia nyuma ya pazia, "Sikusikia, shemeji." Kairudia. Kwa nguvu. Nadhani mpaka ghorofa ya pili wamesikia, na nilitaka wasikie.

Nilidhani nitashiba. Sijashiba. Ningeweza kumtia airudie mpaka magharibi.

Nasra kasema, "Sasa baba mkubwa ameshasema ya nani." Akaenda kucheza.

Jumatano, 25 Septemba

Miezi minne na siku kumi imepita. Wanawake wengine wangekuwa wametoka, wameoga, wamevaa. Mimi eda yangu ni tumbo langu. Sitoki mpaka nijifungue.

Sina hamu ya kumfikiria Makame leo. Miguu inauma. Nimekula udongo kidogo, Bi Mize kaniona, kaninyang'anya.

Jumatatu, 21 Oktoba

Kurejesha karatasi ni kazi kubwa ati. Kaleta hati ya ndoa tu. Nyengine "nazitafuta". Mkoba aliubeba mzima. Kinatafutwa nini?

Na mimi bado naomba wa kiume. Kila sala. Sasa si kwa hasira kama mwanzo, ni kama mtu anayeendelea kugonga mlango kwa kuwa alishaanza kugonga.

Jumamosi, 16 Novemba

Jana alfajiri. Binti.

Nimeuliza mara mbili, mkunga kaniambia mara mbili. Mzito, mweusi, nywele mpaka shingoni, paji la uso la Suleiman limechukuliwa likabandikwa. Nilipomweka kifuani alitafuta ziwa mwenyewe, bila kuonyeshwa, kwa ghadhabu, kama kachelewa mahali.

Nimengoja nisikitike. Sikusikitika. Niliomba mwanamme kwa ajili ya Makame. Huyu hakuja kwa ajili ya Makame.

Bi Mize kamwita Warda. Kamwadhinia jirani wa chini.

Eda yangu imekwisha. Nimejitia udi.

Jumatano, 27 Novemba

Mvua ya vuli tokea asubuhi. Maji ya bomba hakuna, ya mvua tele. Nimetega ndoo zote barazani. Warda kalala. Bi Mize anamfundisha Ilham kusuka ukili, mtoto anafunga mafundo tu.

Wa mtandaoni wameniandikia kuuliza kama suala langu limemalizika. Pana vitufe viwili, ndiyo na bado. Nimebonyeza bado. Nimeandika chini yake ahsante, na safari hii neno hilo halikunichoma. Wamenipigia hesabu upya, kama ofisi ya mirathi ilivyopiga. Binti watatu badala ya wawili, mafungu yao ni yale yale kumi na sita, watagawana sawa. Na la Makame lipo pale pale. Moja katika ishirini na nne.

Nilidhani nitaona uchungu kumpa. Sioni. Atapewa lote, halitapungua ukucha, na halitazidi ukucha. Kiwanja hakiuzwi. Bi Mize na mimi tumekubaliana na ofisi, kitathminiwe, Makame alipwe thamani ya fungu lake kwa fedha atakazotoa mama yake, na awe hana njia ya kupita pale tena.

Nimeketi nimemwandikia. Kwa simu, ujumbe mmoja, Bi Mize kasikiliza nikiusoma kabla sijautuma. Kasema ongeza salamu. Nimeongeza.

Assalamu alaykum, shemeji. Mtoto mzima, mama yako mzima. Ofisi inafunga faili wiki ijayo na bado hujaleta. Nahitaji hivi.

Karatasi ya kiwanja. Ile yenyewe yenye muhuri, si kopi.

Kitambulisho cha Suleiman.

Cheti cha kifo, nakala zote mbili ulizochukua hospitali.

Funguo za geti la Bwejuu, zote, na ule uliompa mwenye nyumba ya wageni.

Kofia yake ya viua. Niliishona mimi. Ifuliwe kwanza.

Sahihi yako kwenye waraka wa mgao, mstari wa mwisho, mbele ya jina lako, palipoandikwa moja.